Ile 16 Niliyoiandika Mara Moja

Wasee, kuna dada mmoja wa mauzo nilikaribia kumkosesha bonasi, na sikuguza hata shilingi yake. Niliandika tu 16 kwa kompyuta.

Ilikuwa 2021, niko atachi kwa kampuni ya kuuza vifaa vya umeme vya nyumbani. Kazi yangu: kuunganisha mauzo ya Nairobi na Mombasa yawe ripoti moja. Shida ni kwamba faili zenyewe hazikuwa na safu ya kuonyesha tawi. Ukizimwaga pamoja, hujui risiti gani ilitoka wapi. Jamaa aliyekuwa ananifunza akanionyesha safu pepe. Hii haiko popote kwa hifadhidata. Unaitangaza ndani ya modeli na kuipa thamani moja, basi kila mstari wa faili ya kwanza unajibu "Nairobi", wa pili "Mombasa". Data asili inabaki vile ilivyokuwa. Kwangu huo ulikuwa uchawi.

Nikanogewa. Bei zote zilikuwa na VAT ndani, na bosi alitaka mauzo bila VAT. Nikaunda safu nyingine, thamani 16, kila mstari, mwanzo hadi mwisho. Gawanya kwa 1.16, kwisha.

Kumbe nimesahau 2020. Corona ilipoingia, serikali ilishusha VAT hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 1, ikairudisha 16 Januari 1, 2021. Miezi tisa mizima, na modeli yangu haina habari.

Sasa, bonasi za Novemba zilikuwa bado hazijalipwa. Lengo lilikuwa milioni moja bila VAT. Yule dada alikuwa ameuza bidhaa za 1,140,000. Ripoti yangu ikasema 982,758. Amekosa.

Akaja kwa meza yangu na daftari. "Kijana, hebu nionyeshe hiyo elfu kumi na saba yangu imeenda wapi."

Nikamwambia ati mfumo haukosei. (Aibu hiyo bado naisikia.) Akatoa simu, akagawanya kwa 1.14. Milioni moja kamili.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuna kitu kilichopiga kelele. Hakuna alama nyekundu, grafu zilikuwa safi kabisa. Na hata ungefungua data asili kutafuta kosa, hiyo 16 hungeiona, maana haikuwa huko. Jina la tawi haliwezi kubadilika kwa faili ya tawi hilo, hiyo sawa. Lakini kiwango cha kodi kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mimi nilikifanya kiwe kama jina la mji.

Nikafuta ile safu, nikaweka jedwali dogo la mistari mitatu, kila kiwango na tarehe zake. Nilipoirudia ripoti, watu wengine wawili pia wakavuka lengo, na hao hata hawakuwa wamelalamika.

Dada alilipwa. Mpaka namaliza atachi alikuwa ananiita Kumi na Sita.