Chapa Ndogo Katika Chuma

Msomaji, chukua jembe lililoegemezwa nyuma ya nyumba yenu ulipanguse udongo. Karibu na tundu la mpini yamkini utaona sura ya mamba, au ya mnyama mwingine, iliyogongwa na mtu wa nchi ya mbali. Mkulima asiyejua kusoma herufi hata moja humjua mamba huyo, na akienda dukani humtaka kwa jina. Alama ya namna hii hupigwa ili ionekane, maana mwenye kiwanda ataka sifa na mnunuzi wa pili. Alama za silaha za vita zina tabia nyingine. Pengine ni ndogo kuliko punje ya mtama, na wenye kuzipiga walitaka zisomwe na wachache na ziwafiche wengi. Nimetumia jioni nyingi kuzisoma, na nataka kukueleza jinsi zinavyosomwa, kwa sababu zilipata kuleta neno zito katika ukoo wetu.

Katika kipande cha bunduki ya serikali aghalabu mna alama za watu watatu: mwenye mali, mkaguzi na mtengenezaji. Asiyezitenga atapotea tangu hatua ya kwanza. Mwenye mali, ikiwa ni Serikali ya Uingereza, alipiga mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana nchani. Kanada iliutia mshale huo ndani ya herufi C. Bunduki ilipouzwa kwa raia iligongwa mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha, kana kwamba serikali imeirudisha hati yake. Mkaguzi naye alipiga taji, na chini ya taji namba yake na herufi ya mahali alipowekwa. Taji hili huwadanganya wengi. Mtu huliona akasema kwa furaha, "Hii ni kazi ya kiwanda cha mfalme," kumbe taji limesema tu kwamba fulani alikipima kipande hiki akakikubali. Mtengenezaji ndiye mgumu kupatikana, na ndiye tunayemtafuta.

Zamani hakuwa mgumu hivyo. Bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo Tanganyika vita vilipoanza mwaka 1914, iliandikwa waziwazi jina la kiwanda au la mji wake, na mara nyingi mwaka pia. Spandau ni Spandau na Amberg ni Amberg, huna haja ya kuuliza. Hali ilibadilika ndege za vita zilipoanza kuvuka bahari. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliangukia kiwanda cha BSA huko Small Heath, Birmingham, kilichokuwa nguzo ya utengenezaji wa bunduki nchini Uingereza, na wafanyakazi 53 wakafa. Baada ya msiba kama huo nani angependa kuandika juu ya kila chuma mji kilikotoka? Bunduki moja ikiangukia mikononi mwa adui ingekuwa ramani ya kumwelekeza rubani.

Basi Waingereza walitumia herufi tatu. N ilikuwa viwanda vya kaskazini, M vya kati, S vya kusini, na baada ya herufi ikafuata namba ya kiwanda. M47 ilikuwa BSA, na ukiona M47C ujue ni karakana yao ya Shirley. Wajerumani walifanya hila ya jamii hiyo kwa herufi ndogo zisizo na maana yoyote: byf ilikuwa Mauser wa Oberndorf, bnz ilikuwa Steyr huko Austria, na dot ilikuwa kiwanda cha Brno katika nchi ya Wacheki waliyoiteka. Ukizitazama herufi hizi bila ufunguo utadhani mtoto alikuwa akijifunza kuandika.

Sasa tuitazame bunduki moja tu, Lee-Enfield No. 4, kwa kuwa bunduki za jamii ya Lee-Enfield ndizo zilizobebwa na babu zetu waliokuwa askari wa King's African Rifles. Hiyo No. 4 ilikubaliwa rasmi mwaka 1939, na kazi ya kuitoa kwa wingi ikaanza mwaka 1941. Ilitengenezwa Shirley, na Fazakerley karibu na Liverpool, na Maltby katika Yorkshire, na Long Branch karibu na Toronto, na katika kiwanda cha Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts. Vipande vya Fazakerley vina F au FY, vya Long Branch vina L na B, na vya Savage vina S ya pembe mraba. Bunduki za Savage ziliandikwa pia kwamba ni mali ya Marekani, ingawa hazikuwa silaha za jeshi la Marekani hata siku moja. Walizikopesha Uingereza kwa sheria ya mwaka 1941, na mkopeshaji hupenda jina lake lionekane.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni namba. Kichwa cha bolti ya No. 4 kina tarakimu moja, 0 au 1 au 2 au 3, na nimesikia watu wakiibishania kama hirizi. Tarakimu hiyo ni kipimo tu: vichwa vilitengenezwa kwa urefu wa namna nne ili fundi achague kinachoacha nafasi sawasawa nyuma ya risasi. Mtego wa pili ni kudhani kwamba bunduki ni ya kiwanda kimoja. Silaha iliyopita katika karakana za jeshi kwa miaka kumi au ishirini hufanana na nyumba ya kale: mlango umetoka huku, dirisha kule. Mwili wake waweza kuwa wa Maltby, bolti ya Kanada, kitako cha mahali pengine kabisa. Chapa hukisemea kipande ilimogongwa, na haina ushahidi juu ya jirani yake.

Nimekwisha kusema kwamba elimu hii ndogo ilileta neno zito kwetu. Nyumbani kwetu, Taita, baba yangu mkubwa alikuwa na chuma cha mviringo chenye urefu wa shibiri, kilichochongoka upande mmoja na chenye shingo nene upande wa pili. Alikitumia kufumulia nyuzi za kamba za katani, na kwa kazi hiyo hakina mfano. Lakini hakikuwa cha kamba tu. Kilikuwa kaburi. Babu yetu wa kwanza alichukuliwa katika Kariakor wakati wa Vita vya Kwanza kubeba mizigo ya jeshi, akavuka kuingia Tanganyika, asirudi. Makumi ya maelfu ya wachukuzi walikufa katika vita vile, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Habari ya ukoo ilisema kwamba mwenziwe mmoja alirudi na chuma hicho, akamkabidhi mjane, akisema marehemu alikiokota kwa Mjerumani. Mwili haukurudi, jina halikuandikwa, lakini chuma kilikuwapo, na kila mwaka watoto wa nyumba ile waliambiwa, "Hiki ndicho babu yenu."

Niliombwa nikisome. Nilikilaza usiku kucha katika mafuta ya taa, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu na kitambaa. Nakusihi, msomaji, ukipata kitu cha namna hii usikiguse kwa tupa wala msasa. Kutu ni pazia tu, bali tupa ni moto uchomao kitabu. Na kama ulichookota chafanana na bomu au risasi, au ni kipande cha bunduki yenyewe, kiache palepale ukawaite polisi, maana hapo mambo ni ya hatari na ya sheria, wala si ya insha. Chuma kilipokauka nilipaka unga wa chaki shingoni, nikaupangusa kwa kidole ili ubaki mashimoni mwa herufi, nikakigeuzageuza kando ya taa. Mwanga wa kutoka ubavuni huonyesha zaidi kuliko mwanga wa jua la utosini. Kwanza ulitokea mshale mpana. Kisha No. 4 Mk II. Kisha N67.

Ilikuwa singe ya bunduki No. 4, ile ya ncha ya mviringo, iliyofanywa fupi na nyepesi ili iweze kutengenezwa upesi na kwa gharama ndogo. Bunduki yake haikuwako mwaka 1914, wala mwaka 1918. Namba za kaskazini, kati na kusini nazo ni za Vita vya Pili. Mjerumani hakuishika singe hii Tanganyika, na babu yetu hakuiokota. Wakati kiwanda kilipoipiga N67, babu alikuwa marehemu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nilikaa na habari hiyo siku tatu. Ukoo wetu una nyumba ya pili, ya ndugu mdogo wa marehemu. Mwana wa nyumba hiyo alikuwa askari katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, naye alirudi nyumbani asisifiwe na mtu. Watu wa nyumba ya pili walipopata fununu walisema mara moja, "Basi chuma ni chetu." Hawakuwa na haki ya kusema hivyo upesi. Chapa yamtaja mtengenezaji; haimtaji mbebaji. Singe hizi zingaliweza kuja na askari aliyerudi kutoka Asia, na zingaliweza pia kuja baadaye, kwa kuwa bunduki za No. 4 zilikuwamo Kenya mikononi mwa majeshi ya Waingereza wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Milango ilikuwa miwili, na chuma hakikusema kilipita upi. Mlango wa tatu, wa mwaka 1914, ndio pekee uliofungwa.

Nilimwambia baba mkubwa mwenyewe, faraghani, kabla ya baraza la ukoo. Alinyamaza, akakishika chuma, akatia ukucha wake katika herufi moja moja kama asomaye. Kisha akaniuliza, "Wazungu wameandika chuma hiki kilikofanyiwa, hata leo wewe umejua. Baba yangu wameandika wapi?" Nilimjibu kweli niliyoijua. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, pana masanamu ya shaba yaliyowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliotumika katika vita vile, na mmoja wa wale watatu waliosimama pale ni mchukuzi. Maneno yamo kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Majina ya wachukuzi hayamo. Akasema, "Kumbe yuko sanamu asiye na jina," akakirudisha chuma katika makuti ya paa kilipokuwa, na barazani akakataa kukigawa. Nyumba ya pili ilikasirika msimu mzima wa mavuno. Mimi naona alifanya sawa, ijapokuwa sababu aliyoitoa, kwamba kamba zake hazijaisha, haikumridhisha mtu.

Limebaki swali la N67. Wako watakaosema kwamba mwaka ukishajulikana kiwanda hakina maana. Mimi siwezi kuliacha fumbo nusu. N67 ni kampuni ya Singer, wale wa vyerehani, katika kiwanda chao cha Clydebank huko Scotland. Nilipolitaja jina hilo shangazi yangu, aliyeshona sare za shule kwa miaka zaidi ya thelathini, alicheka akadhani namfanyia mzaha. Tulikwenda pamoja kwenye cherehani yake, tukafuta vumbi juu ya namba iliyogongwa katika chuma chake cheusi. Ilianza kwa herufi mbili, ya kwanza E. Hiyo ni jamii ya namba iliyopewa Clydebank kuanzia mwaka 1935. Sindano yake na ile ncha ya darini zilitoka lango moja.

Kiwanda hicho kilifunguliwa katika miaka ya 1880, kikawa na mnara wa saa ulioonekana mbali, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi, wanawake kwa wanaume. Vita vilipokuja, mashine zilizokata vyuma vya cherehani ziligeuzwa kukata vyuma vya silaha. Namba ya kaskazini haikuwaokoa. Usiku wa tarehe 13 na wa 14 Machi 1941 ndege ziliupiga mji wa Clydebank, zaidi ya watu 500 wakafa, na ghala ya mbao za Singer ikateketea. Shangazi aliniuliza kama waliokufa walikuwa washonaji. Nilimwambia wengi walikuwa watu wa nyumbani tu, wake na watoto na wazee. Alikaa kimya, akaizungusha gurudumu polepole bila uzi.

Mnara wa saa ulibomolewa mwaka 1963, na kiwanda kikafungwa mwaka 1980. Lakini reli iliyowaleta wafanyakazi ingaliko, na garimoshi bado husimama katika kituo kidogo ambacho jina lake, lililoandikwa kwa herufi kubwa zisizofichwa, ni Singer.