Kioshe Vizuri

Familia yetu ina mashine ya kusaga huko Kitswamba, kaskazini mwa mji wa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Inasaga mahindi, na zaidi ya mahindi inasaga muhogo mkavu, kwa kuwa kwetu mtu asiyekula obundu, ule ugali wa muhogo wa Wakonzo, huhesabiwa kuwa bado hajala. Karo za watoto wa nyumba tatu hutoka katika mashine hiyo. Tunaitaja katika kitabu cha sarufi kwa sababu injini yake iliharibika, na kilichoiharibu ni sentensi tuliyoiandika sisi wenyewe.

Kwa miaka mingi mashine iliendeshwa na injini ya zamani ya dizeli iliyosafisha hewa yake kwa oili. Hewa iliingia kwenye bakuli lenye oili, vumbi likanaswa humo, kisha hewa ikapita katika wavu wa waya kabla ya kufika kwenye silinda. Matunzo yake yalikuwa mepesi: bakuli na wavu vilioshwa kwa dizeli, oili mpya ikatiwa hadi kwenye alama, kazi ikaendelea. Kijana anayetusimamia mashine alijifunza kazi hiyo tangu akiwa mdogo, naye aliifanya kila Jumamosi bila kukumbushwa.

Injini hiyo ilipochoka tukanunua nyingine. Hii ya pili ilikuwa na kichujio cha karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi mfano wa marinda, na chini yake kikombe kidogo cha kukusanya vumbi zito kabla halijaifikia karatasi. Kikombe huoshwa. Karatasi haioshwi. Kaka yetu mkubwa akatuambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye Kiswahili. Mwandikie kijana maagizo." Lukonzo ingefaa kwa kijana, lakini fundi wetu anatoka Bwera, ni mtu wa kuvuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi na kurudi, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sote watatu. Basi tukaandika kwa herufi kubwa, tukabandika ukutani, tukarudi chuoni tukiwa tumeridhika:

"Kila Jumamosi ondoa kichujio na kikombe cha vumbi, kioshe vizuri, kikaushe, kisha kirudishe."

Tulimaanisha kikombe.

Miezi ya kiangazi kwetu ni miezi ya vumbi. Barabara za udongo zinazopanda vilimani hutimka kila pikipiki inapopita, na ndani ya banda la mashine unga wenyewe huelea hewani kama ukungu. Injini ikaanza kuwaka kwa shida asubuhi. Baadaye ikatoa moshi wa rangi ya bluu na kumaliza oili upesi kuliko kawaida. Fundi alipokuja hakufungua injini kwanza. Alichomoa bomba la hewa lililo baada ya kichujio, akapitisha kitambaa cheupe ndani yake, akatuonyesha: kitambaa kilikuwa na tope jekundu. "Mwalimu," akasema, "hapa palipaswa pawe safi kama sahani." Alipofungua silinda tuliona mikwaruzo iliyoteremka ukutani mwake, na ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Karatasi ya kichujio ilikuwa imelowa dizeli Jumamosi baada ya Jumamosi. Mikunjo yake ilikuwa imegandamana, na gundi iliyoishikilia pembeni imeachia. Hewa haikuwa tena na haja ya kupita katika karatasi. Ilipita kandokando yake.

Kaka yetu alitaka kijana afukuzwe siku ile ile. Nasi, tunakiri, tulimkemea mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri kusagiwa. Hakujitetea kwa maneno mengi. Alikwenda ukutani, akabandua karatasi yetu, akatukabidhi kwa mikono miwili. "Mwalimu, nilifanya ulivyoandika." Tukaisoma. Tulikuwa tumefundisha upatanisho wa kisarufi kwa zaidi ya miaka kumi.

Hebu mwalimu mtarajiwa aitazame sentensi hiyo kwa utulivu. Kichujio ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kikombe pia ni ya KI-VI. Katika vitenzi kioshe, kikaushe na kirudishe, kiambishi -ki- ni cha yambwa, na kinaweza kurejelea nomino yoyote kati ya hizo mbili. Tungekuwa tumekusudia zote mbili tungesema vioshe. Kwa hiyo umoja ule ulimwambia msomaji kwamba kinachooshwa ni kimoja, ila haukumwambia ni kipi. Wako watakaosema kwamba kirejelewa ni nomino iliyo karibu zaidi na kitenzi, yaani kikombe, na kwamba kijana alikosea kusoma. Hoja hiyo tuliwahi kuifundisha. Siku hizi hatuifundishi hivyo, kwa sababu msomaji hapimi umbali wa maneno kwa rula. Hushika jambo analoona kuwa ndilo kiini cha habari, na katika tangazo lile kiini kilikuwa kichujio. Kikombe kilionekana kama kifuasi chake. Mazoea nayo yalisaidia. Mikono iliyoosha wavu wa waya kwa dizeli miaka yote ile iliona neno "kioshe" ikajua la kufanya.

Tulipeleka sentensi hiyo darasani bila kueleza ilikotoka, tukauliza kinachooshwa ni nini. Darasa liligawanyika, wakabishana hadi kengele ikalia. Wanafunzi-walimu wengi walikuwa wazungumzaji wa lugha za Kibantu, watu waliozaliwa ndani ya ngeli, na bado hawakuelewana. Tulitoka tukiwa na aibu iliyopungua kidogo na wasiwasi ulioongezeka.

Neno kichujio lenyewe lina sehemu yake katika kosa hili. Linatokana na kitenzi chuja, nalo hutaja kazi ya kifaa bila kutaja kifaa kimeumbwa kwa nini. Katika chumba cha kompyuta cha chuo kuna kiyoyozi, na ndani ya kiyoyozi kuna kichujio cha wavu wa plastiki. Hicho huoshwa kwa maji, hukaushwa kivulini, hurudishwa. Kisipooshwa hewa hupungua, na mabomba ya baridi ndani ya kiyoyozi yanaweza hata kuganda barafu. Sisi wenyewe huwa tunakiosha, na huenda kalamu yetu iliandika "kioshe" kwa sababu hiyo. Katika nchi ambazo nyumba nzima hupashwa joto au kupozwa kwa mfumo mmoja, kichujio huwa cha karatasi au nyuzi, huuzwa kwa daraja za usafishaji, na kikichafuka hutupwa. Huko watu hukosea kwa namna nyingine: hununua chenye matundu madogo kabisa wakidhani ndicho bora, kumbe feni yao haina nguvu ya kuvuta hewa katika kizuizi hicho. Wavu, karatasi na bakuli la oili vyote vinabeba jina moja. Maagizo yanayosema "kichujio" tu yamesema nusu ya habari.

Tuliandika upya pamoja na darasa. Pendekezo la kwanza lilitufurahisha mno. Badala ya kichujio tulitumia chujio, neno lenye maana ileile lakini la ngeli ya LI-YA, ili kila kifaa kiwe na kiambishi chake: kikombe kioshe, chujio usilioshe. Tukaendelea: "Ligonge taratibu mpaka vumbi lidondoke. Likichanika au likilowa, usilirudishe." Tulikuwa karibu kupongezana wakati msichana mmoja wa mstari wa nyuma alipoinua mkono akasema kwamba vumbi nalo ni LI-YA. Vumbi halichaniki, sawa. Lakini vumbi hulowa. Ikabidi tucheke, kisha tufute. Toleo lililobaki ukutani hadi leo ni hili:

"Kila Jumamosi ondoa chujio la karatasi na kikombe cha vumbi. Kikombe kioshe kwa maji, kikauke kabisa. Chujio usilioshe kwa maji wala kwa dizeli. Ligonge taratibu mpaka vumbi lidondoke. Chujio likichanika au likilowa, weka chujio jipya."

Neno chujio limetajwa mara nne. Mhariri mwenye sikio la fasihi angetaka kupunguza. Asiguse.

Tuliandika "weka chujio jipya" tukaacha "libadilishe", kwa sababu kijana alituuliza kama kubadilisha ni kulipindua, upande wa chini uwe juu. Fundi naye alitaka tuongeze kwamba chujio laweza kupulizwa kwa pumpu, ila tukaona "lipulize ndani" ingeleta msiba mwingine. Hewa hupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Ikipulizwa kutoka nje huzidi kulisukuma vumbi ndani ya karatasi. Kwa kuwa banda halina pumpu, tuliliacha jambo hilo.

Jipya tulilinunua Bwera, tukiongozana na fundi. Muuzaji alitoa moja la bei nafuu, safi, linalofanana na la zamani. Fundi alilisimamisha kando ya lile bovu: lilikuwa fupi kwa unene wa sarafu mbili. Akalirudisha. Alitueleza kwamba karatasi iwe nzuri namna gani, pengo dogo kwenye mpira wa kuziba linatosha, kwani hewa hupita penye wepesi. Alipima kimo, upana wa nje na upana wa tundu la kati, akaubonyeza mpira kwa kidole kuona kama unarudi, kisha akaliinua chujio kuelekea jua na kuchungulia ndani akitafuta nukta ya mwanga. La tatu lilimridhisha. Lilikuwa la bei ya juu, na fedha za karo za muhula ule zilikuwa tayari zimekwenda kwenye ringi na silinda. Binti wa kaka yetu alikaa nyumbani wiki tatu.

Kijana hakufukuzwa. Tulimwomba radhi mbele ya kaka yetu. Mbele ya wale wanawake hatukupata nafasi, kwa kuwa kila siku wanaosubiri ni wengine. Likizo iliyofuata tulipofika bandani tulikuta ameandika kwa kalamu kwenye ukingo wa chujio, kwa herufi ndogo zenye kujibana: "Limewekwa Februari. Halijaoshwa."