Córdoba, Mji wa Maua Unaohesabu Chavua

Ukifika Córdoba, kusini mwa Uhispania, mwezi wa Mei, utadhani mji mzima umepambwa kwa ajili ya arusi. Katika siku hizo wenyeji hufungua milango ya nyua zao ili wageni waingie kutazama maua. Kuta nyeupe zimetundikwa vyungu toka chini hadi juu, na vile vya juu hunyweshwa kwa kopo lililofungwa kwenye ufito mrefu. Mwaka 2012 UNESCO iliitia sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Lakini mwezi huo huo wapo watoto wanaobanwa na kifua usiku, na watu wazima wanaowashwa macho kutwa. Mgeni huyalaumu maua. Kumbe siyo!

Ua zuri lenye harufu humwita nyuki. Chavua yake, ule unga wa uzazi wa mimea, hunata na kusafirishwa na wadudu. Hata michungwa inayonukia katika ua la kanisa kuu, ambalo zamani lilikuwa msikiti, haijazi hewa chavua nyingi. Wenye lawama ni mimea inayotegemea upepo. Wewe uliyelima mahindi umeona: ukitikisa mbelewele, unga hupeperuka. Huko Córdoba unga wa namna hiyo hutoka kwenye misaiprasi mwanzoni mwa mwaka, kwenye miplatano ya kivuli barabarani mwezi wa Machi, halafu kwenye nyasi na mizeituni. Ua la mzeituni ni dogo mno, lakini mashamba yake ni makubwa, na upepo huileta chavua hadi mjini.

Wamejuaje? Kwa kuhesabu. Juu ya paa huwekwa chombo kilichobuniwa na Mwingereza Jim Hirst mwaka 1952. Hunyonya lita 10 za hewa kila dakika, na chavua hunasa kwenye utepe wa kunata unaozunguka polepole kwa siku saba. Utepe hukatwa kipande cha kila siku, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huhesabu punje kwa hadubini, akiutambua mmea kwa umbo la punje yake. Chuo Kikuu cha Córdoba kimekuwa kikifanya kazi hii tangu miaka ya 1980.

Kwa mama mwenye mtoto wa pumu, hesabu hiyo ni msaada mkubwa. Siku chavua ikizidi, hufunga madirisha, huanika shuka ndani, humwosha mtoto uso na nywele atokapo kucheza, na huweka karibu dawa aliyoagiza daktari.

Wazee walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Basi mama, kabla hujang'oa waridi lako la mlangoni, tazama nyasi zilizochanua nyuma ya nyumba na misaiprasi ya uzio. Mtoto akianza kupiga chafya, andika tarehe na mimea iliyochanua siku hizo. Daftari hilo mpelekee daktari. Litamsaidia kukuuliza maswali yaliyo sahihi.