Kubisha Hodi Mikumi

Mpenzi msomaji, ukitoka Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara, utapita Ulaya. Usicheke. Sisemi Ulaya ya Wazungu, bali Ulaya yetu iliyomo humu humu wilayani, ambako mtu hufika bila pasipoti. Lakini katika safari ninayokusimulia leo, mlango ulionitoa jasho haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa wa nyumba ya wageni pale Mikumi, wala haukuwa wa mbao.

Mambo yalianzia stendi ya Kilosa, saa saba mchana. Nilikuwa nimekwisha kata tiketi, mara binti wa jirani yetu akaja mbio.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini?”

Watu huniita mwalimu hata sasa, maana nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa parokia. Binti akanieleza kwamba hati yake ya mwisho ya kuombea nafasi chuoni ameipata saa ile ile, na maombi yanafungwa usiku huo saa sita. Duka alilotegemea limefungwa kwa ajili ya msiba. Hati zote amezitia katika flashi. Mama yake alikuwa ameuza debe mbili za mahindi apate ada ya maombi. Nikaipokea ile flashi nikasema, “Usihofu, nitazituma nikifika Mikumi.” Ahadi ni nyepesi mdomoni, msomaji, uzito wake huonekana baadaye.

Simu yangu nilikuwa nimeiacha kwa fundi. Tegemeo langu lilikuwa kompyuta mpakato kuukuu iliyokaa kabatini miezi mitano. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 2 tu, kwa hiyo imetiwa Lubuntu, aina nyepesi ya Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, naye akawaachia watu wote waitumie na kuitengeneza bila malipo. Nayo Ubuntu, aliyozaliwa humo Lubuntu yangu, ilipewa neno la Kiafrika la kusini lenye maana ile ile ya “utu” wetu.

Basi, tukaondoka. Njiani niliikumbuka reli inayotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Pale Kidatu hukutana na reli ya TAZARA, lakini mabehewa ya huku hayawezi kuendelea kule, kwani reli yetu ina upana wa milimita 1,000 na ile ina milimita 1,067. Kwa milimita 67 tu, mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya! Waifai haina ugomvi huo. Tangu mwaka 1997 mafundi wa dunia wana kipimo kimoja, kiitwacho 802.11, hata kompyuta ya Kilosa husikilizana na kisanduku cha Tokyo. Kwa hiyo nilijua kwamba nikikwama, sitakwama kwa sababu ya Linux. Nitakwama mlangoni.

Nilifika Mikumi jioni, malori ya Zambia yakinguruma barabarani. Katika nyumba ya wageni nikafungua kompyuta, nikaona majina mawili ya mtandao yanayofanana sana. Nikamwuliza dada wa mapokezi, “Dada, la kwenu ni lipi?” Akanionyesha moja, lile jingine hakulijua. Angalia hapo, msomaji. Mtu yeyote aweza kuweka kisanduku chake na kukiita jina la jirani, ili wageni waingie kwake awachungulie. Afadhali kuuliza.

Nikaandika neno la siri lililobandikwa ukutani. Alama ikaonyesha kwamba nimeunganishwa, lakini hapana ukurasa uliofunguka. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani mashine ni mbovu. Kumbe ni desturi ya mitandao mingi ya wageni: unakaribishwa barazani kwanza, na ndani huingii mpaka ujaze ukurasa wa mwenyeji. Ukurasa huo hutokea ukiomba anwani isiyo na kufuli, yaani inayoanza na http bila s. Upo ukurasa uliowekwa makusudi kwa kazi hiyo, neverssl.com. Nikauandika.

Ukurasa wa mwenyeji ukaanza kuja, kisha kivinjari kikaukataa: cheti chake eti hakijaanza kutumika. Nilirudia mara nne. Ilikuwa saa tatu na nusu, nami nikaona kama namwona yule mama akipima mahindi yake. Kilikuwapo kitufe cha kuendelea hivyo hivyo, lakini kupuuza onyo la cheti ugenini ni kumfungulia usiyemjua.

Ndipo nikatazama pembeni mwa kioo. Kompyuta ilisema leo ni mwezi wa tatu, nasi tulikuwa mwezi wa nane! Betri ndogo ya ndani, mfano wa sarafu, ilikuwa imekufa, na saa ikabaki palepale nilipoizima mara ya mwisho. Cheti kilichotolewa mwezi wa saba kilionekana kimetoka siku zisizofika bado. Kwa kawaida kompyuta hujirekebishia saa kwa intaneti, lakini intaneti yenyewe ilikuwa nyuma ya mlango uliokataa kufunguka kwa sababu ya saa.

Basi nikaazima saa ya mkononi ya dada yule, nikarekebisha tarehe kwa amri fupi ya Linux iitwayo date. Ukurasa ukafunguka mara moja. Uliuliza jina na namba ya simu, nikajibu. Ungaliniuliza namba ya siri ya benki au ya pesa za simu, ningaliufunga. Kisha nikahakikisha kufuli ipo katika anwani ya waombaji, nikatuma hati moja moja. Namba ya kupokelewa ilitokea saa tano kasoro robo. Asubuhi, kabla ya kuondoka, niliiamuru kompyuta iusahau mtandao ule, isije ikajiunga siku nyingine na chochote chenye jina hilo.

Niliporudi Kilosa, binti na mama yake walikuwa wananingoja kibarazani pangu. “Zilifika, mwalimu?” Nikawapa ile namba niliyoiandika kwenye karatasi. Mama hakusema neno. Aliikunja akaifunga katika pindo la kanga, palipokuwa na zile fedha.

Nawe, msomaji, ukisafiri na mashine kuukuu, iwashe siku moja kabla, utazame saa yake. Mimi nimekwisha nunua betri mpya, na ahadi za stendi nazitoa baada ya kuitazama.