Tulipoacha Kusema Unga

Kichochoro chetu kilikuwa na upana wa watu wawili kupishana, ukuta wa udongo huku, mabati kule, na maji machafu yakipita katikati. Majengo, Pumwani, ndivyo ilivyojengwa tangu miaka ya 1920: nyumba ndefu zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote, na kati ya nyumba na nyumba, uchochoro. Humo ndimo tulimocheza bano na brikicho mpaka adhana ya magharibi ituite nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya tisini tukakatazwa kupita.

Nakumbuka siku mama alipoacha kunituma unga. Alinipa pesa, akafungua mdomo, akasita, kisha akasema, "Niletee ngano kilo moja." Kina mama wote mtaani walikuwa wamefanya vivyo hivyo bila kuambiana. Neno lilikuwa limechukuliwa. Ukisema "unga" mbele ya watu, kichwa cha kijana fulani kinageuka.

Bangi tuliizoea, na chang'aa ilikuwa na wapishi wake waliojulikana kwa majina. Unga, yaani heroini, ulikuwa kitu kingine. Ulikwishaingia Pwani, Mombasa na Malindi, kabla ya kutufikia sisi. Kwanza ulikuja "brown", wa kuvutwa moshi au kuchanganywa na bangi katika msokoto walioita kokteli. Mwaka 1999 hivi ukaja mweupe, na mweupe ukaja na sindano.

Kaka yangu alifanya kazi soko la Gikomba wakati huo. Bale la mashati likifunguliwa, yeye ndiye aliyeitwa kuchagua kamera, yale mashati mazuri ya juu kabisa, kwa sababu mkono wake ulijua kitambaa hata gizani. Nyumbani alikuja na harufu ya pasi ya makaa na mitumba. Halafu harufu ikapotea. Halafu pasi yenyewe ikapotea. Mama alianza kufungia sufuria sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.

Namna yetu ya kwanza ya kupambana na unga ilikuwa kuwapiga walioutumia. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo. Teja, ndivyo tulivyowaita, akishikwa na kandambili za mtu, mtaa mzima ulitoka, na waliotoka na mawe walikuwa majirani zetu wema kabisa. Usiku mmoja waliyemzunguka alikuwa kaka yangu. Nilisimama nyuma ya umati nikanyamaza, nikiona haya kusema kwamba ni wetu. Mtu mwingine ndiye aliyewasihi wamwache. Muuzaji wa unga, aliyekaa hatua thelathini kutoka pale, hakuguswa na mtu. Alikuwa na viatu visafi, na kila kulipokuwa na msiba alichanga.

Bi Mkubwa, hivyo ndivyo mtaa ulivyomwita na hivyo ndivyo nitakavyomwita, alikuwa mpika mahamri. Kitinda mimba wake alikutwa amekufa alfajiri, mkono wa shati umekunjwa. Akazikwa makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Arobaini ilipopita, Bi Mkubwa alibeba jiko lake, karai lake na kigoda, akavitoa barazani kwake alipouzia miaka yote, akaenda kuvitua mdomoni mwa kichochoro, pale pale penye muuzaji.

"Bi Mkubwa, hapa si pahali pa chakula," muuzaji alimwambia.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu, ingawa yule hakumwamkia. "Hapa mwanangu alipita kila jioni. Mimi nitakaa tu."

Akakaa, kuanzia alasiri mpaka isha. Hakufukuza mtu wala hakupaza sauti. Kila kijana aliyekuja kununua kete ya unga alimwita kwa jina: "Wewe si wa nyumba ya karibu na msikiti? Mama yako miguu inamsumbua bado?" Na alimpa hamri la moto, mikononi. Jaribu wewe kushika hamri la moto huku noti imekunjwa kiganjani. Wengi waligeuka. Unga unaweza kumwondolea mtu karibu kila kitu, lakini haya huchelewa kuondoka, na mwanamke yule alijua iko wapi.

Alikaa peke yake siku kumi na saba. Mama yangu alizihesabu kwa sababu kila jioni alijiambia angekwenda kesho. Siku ya kumi na saba karai lilipigwa teke. Mafuta yalimuunguza muundi, na kovu lake lilibaki jeusi, refu kama jani la mwembe. Kesho yake alikuja amefunga kitambaa, na kando yake alikuwepo mama yangu na viazi karai. Baada ya wiki walikuwa sita: uji, bhajia, maharagwe ya nazi, kahawa. Kichochoro kikanuka iliki.

Tuliwahi kwenda kuripoti kituo cha polisi. Kabla hatujafika nyumbani, muuzaji alikwisha kuambiwa nani kasema nini. Sheria ya 1994 ilimpa mlanguzi kifungo cha maisha, lakini tuliowaona wakipandishwa gari ni watoto wenye kete moja mfukoni.

Muuzaji alihama, ndiyo. Alihamia ng'ambo ya barabara. Unga haukwisha Majengo na sitadai ulikwisha. Disemba 2010 Waziri George Saitoti alisoma bungeni majina ya wabunge waliotajwa katika ulanguzi, na mwaka uliofuata polisi wakasema hawakupata ushahidi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi lenye kilo 1,032 za heroini baharini upande wa Kenya. Tulitazama habari hiyo mlangoni kwa jirani. Bi Mkubwa aliuliza kilo moja hutoa kete ngapi, na hakuna aliyejibu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na sisi tulikuwa tunapigana na watoto." Mwaka 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha walipopelekwa Marekani kushtakiwa kwa ulanguzi wa dawa za kulevya, watu walishangilia mtaani kwetu. Yeye aliendelea kukanda.

Lakini maneno yake mwenyewe ya mwaka 2014, kwamba tulikuwa tunapigana na watoto, ndiyo yaliyombadilisha. Mwishoni mwa mwaka huo kliniki ya methadoni ilifunguliwa Hospitali ya Mathari, ya kwanza nchini. Wengi mtaani walisema ni kilevi badala ya kilevi, naye alisema hivyo mwanzoni. Lakini jamaa wa mmoja wa kina mama, aliyetoka Unguja, aliwasimulia habari za nyumba za huko ambamo walioacha unga huishi na wanaojaribu kuacha, wakisaidiana. Kilichomgusa Bi Mkubwa ni kwamba hakuna aliyepigwa humo. Alikwenda Mathari mwenyewe, akauliza, akarudi na jibu: dawa ilinywewa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu, na aliyekunywa hakushikwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga.

Kaka yangu alikuwa wa pili kutoka kichochoro chetu kukubali. Kila asubuhi alipita kwa Bi Mkubwa, akapewa mahamri mawili yaliyofungwa gazetini, akaenda stendi. Miezi mitatu ilikwenda hivyo. Siku moja hakupita.

Bi Mkubwa alingoja mpaka saa mbili. Kisha akafunika beseni la kinyunya, akajitanda leso, akavuka barabara, akaenda kusimama mlangoni mwa maskani ya mateja. Niliitwa nikamkuta pale, kimya, kovu lake likionekana chini ya deraa, na vijana ndani wakinong'onezana. Alisimama karibu saa nzima. Kaka alipotoka hakumkaripia. Alimpa gazeti lenye mahamri, akamshika kiwiko, na wakaenda pamoja Mathari.

Walirudi saa nane. Kinyunya kilikuwa kimeumuka kikafurika, kikamwagika hadi sakafuni, kimekauka kingoni. Alikitazama, akakaa kigodani, akatoa pesa kwenye pindo la leso.

"Nenda dukani," akaniambia, kwa sauti iliyofika mwisho wa kichochoro. "Niletee unga, kilo mbili."