Pampu niliyomnunulia Baba

Je, umewahi kuamshwa na simu saa kumi na moja alfajiri na kuisikia sauti ya mzazi wako imekauka kama jani la mgomba wakati wa kiangazi? Mimi niliamshwa hivyo Jumanne moja ya mwaka wa 2022, nikiwa chumbani mwangu mtaani Umoja, Nairobi. Baba hakunijulia hali. Alisema kwa Kimeru, "Mama, samaki wako wanakufa," kisha akakata simu.

Baba huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Aniitapo hivyo huwa kwa kawaida anataka kunitania au kuniomba kitu. Siku hiyo hakukuwa na utani. Tena alisema samaki "wako", ilhali samaki walikuwa wake. Maneno hayo yalinichoma kuliko habari yenyewe, kwa kuwa nilijua sababu. Pampu ilikuwa yangu.

Naomba nikurudishe nyuma kidogo. Kwetu ni Kibirichia, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka hadi mlangoni na mtu hunywa chai huku amekumbatia kikombe kwa mikono yote miwili. Sisi ni watu wa viazi. Ukisimama ukingoni mwa shamba letu siku isiyo na mawingu unaona nyanda kavu za Isiolo chini kule, na unashangaa jinsi dunia hizi mbili zilivyo majirani. Samaki si jadi yetu. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaita nyoka wa maji, na hakuruhusu sufuria yake itumiwe kuwapikia.

Basi Baba alipostaafu ualimu na kutangaza kwamba atauza ng'ombe mmoja wa maziwa ili achimbe bwawa la samaki, mama mzazi alinyamaza siku mbili nzima. Majirani hawakunyamaza. Walimkumbusha habari za mwaka wa 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi na mabwawa ya mita mraba 300 yakachimbwa katika maeneobunge mengi nchini, kila bwawa likawekwa vifaranga 1,000. Palikuwa na waliofaidika, siwezi kukataa. Lakini katika sehemu za baridi wengi walifugishwa tilapia, samaki anayestawi katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Mtie katika maji yaliyo chini ya nyuzi 20 naye atadumaa kama mahindi yaliyopandwa chini ya mkalitusi. Mabwawa mengine yaligeuka kuwa makao ya vyura.

Baba alikuwa amelifikiria hilo. Alichagua trauti, samaki wa maji baridi, ambaye Wazungu walimleta katika mito ya Nyandarua mwaka wa 1905 ili wapate mchezo wa kuvua. Ni samaki anayefugwa Timau, si mbali na kwetu, na vifaranga hupatikana Kiganjo, Nyeri. Bwawa la Baba lilikuwa na urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kina cha mita 1. Piga hesabu mwenyewe: lita 60,000. Akatia vifaranga 300.

Kasoro ilikuwa moja. Trauti anataka maji yanayotembea, kama mtoni. Maji yetu hutoka msituni kwa mfereji wa mradi wa wanakijiji, nayo huja kwa zamu, siku tatu kwa juma. Siku hizo tatu samaki walicheza. Siku zilizobaki maji yalisimama, yakageuka kijani, na alfajiri Baba aliwakuta wameinua vinywa juu wakitweta. Ule ukijani ni mimea midogo sana ambayo mchana hutoa hewa ya oksijeni, lakini usiku nayo huitumia, hivyo saa mbaya kuliko zote kwa samaki ni kabla ya jua kuchomoza. Isitoshe, sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji ya huku hubeba oksijeni pungufu, karibu sehemu moja kwa tano, kuliko maji ya baridi iyo hiyo yaliyo pwani. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule Baba alinipigia tu akasema, "Wewe uliyesoma, uliye mjini, nitafutie pampu ya kuyazungusha maji haya."

Nami, kwa kiburi cha stashahada ya uanahabari, nikaenda mjini Jumamosi na kuingia duka la kwanza lililokuwa na pampu mlangoni. Muuzaji alikuwa mchangamfu. Alinionyesha pampu ndogo ya nusu farasi, rangi ya buluu, nzito mkononi. Juu ya kibandiko chake paliandikwa kwamba inapandisha maji mita 35. Mita 35! Hiyo ni orofa ya kumi na zaidi. Nikawaza, ikiwa inaweza kufikisha maji huko, bwawa la kina cha mita moja litaishindaje? Nikalipa, nikaipandisha kwenye matatu ya Meru, nikajisifu njia nzima.

Msomaji, kosa hilo hulifanya wengi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nilipofika nyumbani Jumanne hiyo jioni, samaki 112 walikuwa wamepangwa kwenye gunia kando ya bwawa. Baba alikuwa amewahesabu. Mama alikuwa amewapasua waliofaa kuliwa, lakini hakuna aliyekuwa na hamu. Ile pampu ilikuwa imezimika usiku, tundu lake limeziba kwa matope na majani laini. Baba hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekula, akaniambia nikalale. Laiti angenigombeza! Mtu aliyeuza ng'ombe wake akishindwa hata kukasirika, wewe utasema nini?

Majuma matatu baadaye nilikuwa Mombasa kwa kazi. Mhariri alitaka habari za nyumba za kifahari, na katika nyumba moja ya Nyali nilikuta ukuta mzima wa sebule ni kioo, na nyuma ya kioo bahari. Sisemi uongo. Palikuwa na matumbawe hai ya rangi ya zambarau na samaki wadogo wa manjano wakipenya humo. Tangi la lita 2,000. Mwenye nyumba alinieleza bei ya kila kitu, nami sikumsikiliza, kwani macho yangu yalikuwa juu ya mzee aliyekuwa akilisafisha. Alikuwa mvuvi zamani, sasa kazi yake ni kuyatunza matangi ya matajiri.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia. "Hapa mnatumia pampu ya mita ngapi?"

Aliitikia, akanitazama, akacheka. "Binti yangu, mita za kwenda wapi? Maji haya yanapanda ghorofani?"

Kisha akaniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunifundisha jambo ambalo muuzaji wa mjini hakunifundisha. Matumbawe, alisema, ni wanyama waliokaa mahali pamoja kama mti. Hawawezi kukifuata chakula wala hewa. Vyote lazima viletwe na maji, na uchafu wao uondolewe na maji hayo hayo. Baharini kazi hiyo hufanywa na mawimbi, na maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa nguvu wakati wa bamvua na kwa upole wakati wa maji mafu. Ndani ya tangi hakuna mwezi wala kusi wala kaskazi. Pana pampu tu.

Lakini pampu zina kazi mbili, na kazi hizi hazifanani. Ya kwanza ni kupandisha. Ndani ya kabati chini ya tangi lile palikuwa na tangi dogo la kuchujia, na pampu moja ilikuwa ikiyarudisha maji juu, mita moja na nusu hivi. Ya pili ni kukoroga. Hizo zilikuwa nne, zimebandikwa kwenye kioo ndani kwa ndani, kila moja ina mapanga kama ya feni. Hazipandishi chochote, hata nusu mita. Husukuma tu. Wafugaji wa matumbawe hutaka maji yote ya tangi yasukumwe mara 20 au zaidi kwa saa, yaani katika tangi lile lita 40,000. Na pampu hizo nne zilifanya hivyo kwa umeme mdogo, kila moja wati 40.

"Tena si moja kubwa," mzee akaongeza. "Nne. Moja ikifa usiku, tatu zimebaki. Bahari haizimiki, binti yangu."

Nilimwomba anisomee kibandiko cha pampu ya Baba, ambacho nilikuwa nimekipiga picha kwa simu. Alivaa miwani. Mita 35, lita 40 kwa dakika, wati 370. Akatikisa kichwa. Tazama, alisema, namba hizi mbili za kwanza hazipatikani kwa pamoja. Zile lita 40 ni pale pampu isipopandisha kitu. Zile mita 35 ni pale ambapo maji yamefika juu kabisa na hakuna hata tone linalotoka. Ni kama hamali wa sokoni: anaweza kukimbia bila mzigo, au kusimama tuli na gunia mbili kichwani. Ukitaka kumjua, muulize anabeba nini akiwa ngazi ya ngapi. Pampu nzuri huja na mchoro unaoonyesha lita kwa kila mita, na mnunuzi hutafuta mita zake mwenyewe kwenye mchoro huo, si zile kubwa za kwenye kibandiko.

Nilirudi Kibirichia mwisho wa mwezi huo nikiwa na saa na debe la lita 20. Tulisafisha ile pampu ya buluu, tukaiwasha, tukapima. Debe lilijaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 30 kwa dakika, lita 1,800 kwa saa. Bwawa la lita 60,000 lingehitaji saa 33 kuzunguka mara moja! Na muda wote huo pampu inakula karibu uniti tisa za stima kwa siku. Baba, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini, aliandika tarakimu hizo kwa kijiti mchangani, akazitazama sana. Kisha akasema, "Na mimi ningalipima siku ya kwanza." Hayo tu.

Safari hii tulikwenda dukani pamoja, naye akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alimtesa muuzaji kwa maswali. Trauti si matumbawe, hatukuhitaji mara 20 kwa saa. Tulichotaka ni maji yapande mita moja tu, yaanguke juu ya ngazi ya mawe na kurudi bwawani yakiwa yamejichanganya na hewa, kama yafanyavyo mtoni. Tukanunua pampu mbili ndogo za kuzamisha majini, za maji machafu, zenye kichujio kipana: wati 80 kila moja, lita 8,000 kwa saa bila kupandisha. Kwa kimo cha mita moja debe lilijaa kwa sekunde 12. Hizo ni lita 6,000 kwa saa, kwa pampu zote mbili 12,000, na bwawa zima huzunguka kwa saa tano. Umeme ukashuka hadi chini ya uniti nne kwa siku. Ya pili tuliiunganisha na betri inayochajiwa kwa jua, maana stima ya kwetu hupotea mvua ikipiga chafya.

Ile ya buluu hatukuitupa. Mama ameitwaa, inapandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu ya paa, na kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Sitakudanganya kwamba Baba ametajirika. Ng'ombe hajarudi. Chakula cha samaki ni ghali, na wateja wa Meru mjini wanataka samaki waletwe wakiwa wameshasafishwa. Hata hivyo vifaranga wa awamu ya pili walifika sahani wakiwa hai karibu wote, na jirani aliyecheka zaidi alikuja kuazima debe ili apime mfereji wake.

Aprili iliyopita mvua kubwa ilikata stima usiku kucha. Simu ililia saa kumi na moja alfajiri, nikaruka kitandani moyo ukinipiga.

"Mama, umelala?" Baba akauliza. Nyuma yake nilisikia maji yakianguka. "Ya betri inakwenda. Samaki wetu wako chini, wametulia. Lakini nimepima debe mara tatu, ni sekunde 13. Jana zilikuwa 12. Waonaje, nikioshe kichujio sasa hivi, ama ningoje kupambazuke?"