Mpira, Mume na Mzee Wangu wa Ngombezi

Kuna nyumba zinazogombana kwa sababu ya hela, nyingine kwa sababu ya mawifi, nyingine kwa sababu ya simu inayolia saa sita usiku. Yetu inagombana kwa sababu ya mpira. Mimi ni Simba wa kuzaliwa, mwenzangu ni Yanga wa damu, na tulijuana hivyo kabla hata ya kuchumbiana, kwa hiyo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Siku ya watani wa jadi mmoja anaimba, mwingine ananuna, kesho yake maisha yanaendelea. Lakini msimu wa 2020/21 ulituletea ugomvi wa aina nyingine. Haukuhusu nani kafunga. Ulihusu nani akae wapi, na akae karibu na nani.

Ligi ilisimama, ikarudi

Tukumbushane kidogo, msomaji. Machi 8, 2020 Yanga walitufunga 1–0 kwa frikiki ya Bernard Morrison, na Rais John Magufuli mwenyewe alikuwa jukwaani. Mume wangu aliimba kutoka Uwanja wa Taifa mpaka mlangoni kwetu. Siku nane baadaye, Machi 16, akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa na ligi ikasimama. Nyumba ikawa kimya. Hata utani ukaisha, maana utani nao unahitaji mechi inayofuata.

Ligi ikarudi Juni 13. Juni 28 sisi tukachukua ubingwa kule Mbeya kwa sare na Prisons, wa tatu mfululizo. Ilipofika Septemba msimu mpya ukaanza, timu 18, mechi 34 kwa kila timu, na mashabiki majukwaani kama kawaida.

Hapo ndipo tulipoachana njia na wenzetu. Majirani zetu wa Kenya walikatisha ligi yao Aprili 2020 na kuwakabidhi Gor Mahia ubingwa, na walipoanza tena Novemba walicheza bila mashabiki. Ujerumani walicheza mbele ya viti vitupu, na kuna klabu zilizopanga picha za mashabiki majukwaani badala ya watu. Marekani, ambako timu za vyuo vikuu hujaza viwanja vya watu laki moja, ligi ya Big Ten iliahirisha msimu mwezi Agosti, ikabadili mawazo Septemba, ikaanza Oktoba, huku baadhi ya mechi zikifutwa kwa sababu wachezaji wamekutwa na virusi.

Sisi tulikuwa tunabanana, tunakumbatiana, tunapulizana vuvuzela masikioni. Sitajifanya mtakatifu, ilikuwa raha. Lakini tangu mwisho wa Aprili 2020 takwimu za wagonjwa zilikuwa hazitolewi tena, na mtu ukitaka kujua hali ikoje ulihesabu mialiko ya misiba kwenye simu yako. Mmoja anakwambia ni nimonia, mwingine anasema ni changamoto ya upumuaji, wa tatu anashusha sauti. Kwa hiyo kila nyumba ikawa wizara yake ya afya. Wengine walijifukiza nyungu asubuhi na jioni, wengine walivaa barakoa mpaka jikoni, wengine hawakufanya lolote. Na kwenye nyumba yenye watu wawili, mawaziri walikuwa wawili.

Mzee wa korona

Sasa nikupeleke kwetu. Ngombezi ni kata iliyo karibu na mji wa Korogwe, nchi ya mkonge, mistari na mistari ya majani yenye miiba mpaka macho yanachoka. Reli ya Tanga kwenda Moshi inapita pale. Baba yangu alifanya kazi kwenye mkonge maisha yake yote, kwanza korona, halafu kwenye chumba cha brashi.

Ndiyo, umesoma sawasawa, korona. Kwa wasioujua mkonge, korona ni mashine inayokamua majani ili zitoke nyuzi, na watu wa mashambani wameiita hivyo tangu zamani sana. Sasa fikiria kumpigia simu mzee wa namna hiyo mwaka 2020 umwambie ajihadhari na korona. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nimeamka saa kumi alfajiri kwenda korona miaka mingapi? Leo ndiyo niiogope?"

Kilichonitisha ni kile kikohozi. Brashi ni kule nyuzi kavu zinakosafishwa, na vumbi lake si la mchezo. Kifua cha baba kilishakuwa kibovu kabla dunia haijasikia habari za Wuhan. Usiku wa baridi analala ameegemea mito miwili. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, kifua kile, na starehe yake moja tu duniani: kwenda banda umiza kutazama Coastal Union.

Kama hujawahi kuingia banda umiza, ni chumba cha mabati na mbao, runinga mbele, mabenchi nyuma, na dirisha, kama lipo, limezibwa ili mwanga usiharibu picha. Ukilipa kiingilio unakaa bega kwa bega. Bao likiingia wote mnapumua pamoja, tena kwa nguvu.

Katikati ya msimu

Kufika Januari 2021 mume wangu alikuwa haambiliki. Yanga walikuwa wanaongoza ligi bila kupoteza mechi hata moja. Novemba 7 tulitoka nao 1–1, wao kwa penalti ya Michael Sarpong, sisi Joash Onyango akasawazisha dakika za mwisho. Januari 13 wakatufunga kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Sisi tulikuwa na mambo yetu ya Afrika: Januari 6 tuliwapiga FC Platinum 4–0 tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, na kesho yake kocha Sven Vandenbroeck akaondoka. Ndiyo Simba hiyo, furaha na presha kwenye sahani moja.

Februari ikaja na mambo mawili ambayo mpaka leo yamekaa pamoja kichwani mwangu. Februari 17 nchi iliwapoteza kwa siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kuwa ameambukizwa korona, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Siku sita baadaye Luis Miquissone aliwafunga Al Ahly, mabingwa wa Afrika, pale kwa Mkapa, 1–0. Yaani wiki moja tunalia, wiki inayofuata tunaruka.

Mechi ile sikwenda uwanjani. Nilikuwa na safari ya Ngombezi wiki iliyofuata, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kifua cha baba hakiwezi kulipia tiketi yangu. Nilitazama sebuleni. Mume wangu alikaa pembeni akijifanya anasoma gazeti huku anawashangilia Waarabu kimoyomoyo. Bao lilipoingia nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Nani amwambie mzee?

Ugomvi wenyewe ulianza usiku ule. Nilisema nikifika nyumbani nitamkataza baba kwenda bandani. Basi. Mimi ni binti yake wa kwanza, nina haki.

Mwenzangu akatikisa kichwa. "Mzee hakatazwi, mke wangu. Mzee anashauriwa."

"Ushauri huo utamfikia kabla ya ugonjwa?"

"Na ukimfungia ndani, atabaki na nini?"

Tuliendelea hivyo siku mbili. Si unajua ile ya wanandoa kuongea kwa heshima kupita kiasi? "Naomba chumvi." "Asante sana." Mimi niliona ananichukulia baba yangu kirahisi kwa vile si baba yake. Yeye aliona namgeuza mzee kuwa mgonjwa kabla hajaugua. Na ukituuliza leo, kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli mkononi, ila tulikuwa tunarushiana badala ya kuunganisha.

Tuliunganisha barabarani. Basi lilipopita Segera yeye akasema: mechi ya Coastal na Yanga ni Alhamisi, Machi 4, Mkwakwani. Mzee hatakubali kuikosa hata umfunge kamba. Mimi nikasema: basi tumnunulie runinga na king'amuzi, aitazame nyumbani. Yeye akasema: sawa, lakini isikae sebuleni. Ikae nje.

Tulivyomweleza baba wazo la runinga alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mpira wa kutazama peke yako ni kama chakula cha hospitali. Unashiba, lakini hujala." Hapo mume wangu akaingia: "Hapana baba, si peke yako. Walete wenzako. Kila mtu aje na kigoda chake."

Mzee akamtazama mkwewe kwa muda. Halafu akamwita mama atafute pazia la kukinga jua.

Machi 4

Runinga tuliiweka barazani juu ya meza, tukatundika pazia na blanketi juu yake kuzuia mwanga. Ndoo ya maji yenye koki ikawekwa kwenye njia ya kuingilia, na sabuni kwenye sahani. Mama ndiye aliyepanga nafasi: alichora mistari kwa jembe uani, kigoda hapa, kigoda pale, hatua mbili katikati. Wazee saba walikuja, watatu kati yao wa brashi vilevile. Mmoja aliuliza kama tunapanga mitihani.

Mume wangu alivaa jezi yake ya kijani na njano katikati ya Wagosi wa Kaya. Ujasiri anao. Mimi kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa Coastal kwa dakika tisini, maana adui wa Yanga siku hiyo alikuwa rafiki yangu.

Coastal walishinda 2–1. Yanga waliokuwa hawajafungwa tangu Septemba wakafungwa Tanga. Wazee walisimama, wakanyoosha mikono, na nikaona kitu cha ajabu: hakuna aliyevuka mstari wa mama. Walipiga kelele kila mtu mahali pake, kama jogoo wa nyumba mbalimbali. Baba alimgeukia mkwewe, akaweka mkono kifuani badala ya kumpa, akasema kwa upole ule wa watu wa Tanga: "Mgosi, pole."

Mwenzangu alikubali kipigo kiume. Siku tatu baadaye Yanga ikamfukuza kocha wake Cedric Kaze, na hilo aliliomboleza zaidi ya mechi.

Sijui kama ile baraza ilimwepusha baba na chochote, na hakuna atakayeweza kunipimia. Ninachojua ni kwamba hakurudi bandani msimu ule, na hakuna aliyemkataza. Wenzake walianza kuja wenyewe kila mechi, na vigoda vyao.

Yaliyofuata unayajua. Machi 17 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kifo cha Rais Magufuli, na nchi ikaingia kwenye maombolezo. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani kuzindua chanjo, na baba alichanja mwaka huohuo, kwa sharti kwamba asipelekwe siku ya mechi. Simba tulichukua ubingwa wa nne mfululizo. Coastal waliponea kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba, na mwaka uliofuata, Julai 2022, wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha: sare ya 3–3 na Yanga, wakafa kwa penalti. Mume wangu alimpigia mzee simu usiku uleule. Nilisikia neno moja tu, "Mgosi", halafu vicheko pande zote mbili.

Kwa wewe na mwenzako

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura imekwisha. Lakini kwenye ndoa dharura haziishi, zinabadilisha majina tu. Leo ni kifua cha baba, kesho ni sukari ya mama mkwe, keshokutwa ni mwenzako anayetakiwa kuacha kitu anachokipenda kwa sababu daktari kasema.

Nilichokiokota msimu ule ni hiki. Ukitaka kumzuia mtu umpendaye asifuate kitu chenye hatari, usiishie kumfungia mlango. Kitafute kile anachokifuata, uone ni kipi hasa. Baba hakuwa anafuata mabati wala benchi. Alikuwa anafuata mtu wa kumwambia "umeona ile?" Hilo linaweza kuletwa barazani. Kazi ya wawili mnaopendana si kushindana nani mwenye hofu ya haki. Ni mmoja kushika hofu, mwingine kushika furaha, kisha mkae chini mtafute meza inayotosha vyote viwili.

Na kama mwenzako ni Yanga, shukuru Mungu vilevile. Ana mazoezi ya kuvumilia.